Kidonda Kilichoacha Kunuka

Kidonda kilipoacha kunuka, nyumba nzima ilishangilia. Bibi alikiinamia kile kisigino, akavuta harufu yake kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha, kisha akainua kichwa na kusema, "Hamna kitu. Mtoto ananuka sabuni." Baba mtu, aliyekuwa mlangoni akifunga kamba za viatu vyake vya kazi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkasa ule uingie nyumbani kwao.

Mtoto mwenyewe walimwita Kidosho, kwa vile alizaliwa mdogo na mzuri, na sasa, ingawa meno ya mbele yalishang'oka, jina lilikuwa limemganda. Baba yake alikuwa fundi wa mabati. Alikata na kukunja mabati palepale uani, akatengeneza ndoo, makarai na mifereji ya kupitishia maji ya mvua. Kipande cha bati kilichojificha mchangani ndicho kilichomwingia Kidosho kisiginoni. Kilitolewa, lakini kisigino kikavimba, kikatunga usaha, kikanuka hata wageni wakawa wanaomba wakae nje, eti ndani kuna joto.

"Si niliwaambia?" alisema mama mtu, huku akikamua kitambaa juu ya beseni. Maji ya beseni yalikuwa ya kijani, ya majani aliyoyachemsha alfajiri. "Haya majani si ya kubahatisha. Nimeyaona kazini kwa macho yangu."

"Mkwe wangu siku hizi daktari," alisema Bibi. "Kesho atatulaza kitandani atupasue."

"Nicheke tu, mama. Lakini nani alikuwa analia usiku kucha na sasa analala?"

"Mimi!" alisema Kidosho, akainua mkono kama yuko darasani.

Wakacheka wote. Juu ya kabati, nyuma ya redio, ilikaa chupa ya dawa ya maji waliyopewa zahanati. Nesi alisema imalizwe yote, hata kidonda kikionekana kimepoa. Lakini dawa ile ilikuwa chungu, na kila ilipoingia ilitoka. Kidosho alikaza meno, alipiga mateke, alitapika kwenye mkeka, na mara moja alitapika mapajani mwa Bibi mbele ya wageni waliokuja kumpa pole. Tangu majani yaanze, chupa ile haikuguswa. Nani amtese mtoto kwa kitu kisicho na kazi tena?

Nawaandikia haya wenzangu wenye watoto, hasa sisi ambao tukikiona kitu kwa macho tunakiamini kuliko kukisikia kwa mwingine. Mama huyu hakuwa mjinga wala hakuwa mvivu. Sikilizeni alichokiona.

Alikuwa mwosha vyombo katika maabara ya utafiti. Vyombo vyenyewe ni vya kioo: chupa, mirija, na visahani bapa vyenye vifuniko. Ndani ya visahani, mtaalamu mmoja alikuwa akifuga vijidudu juu ya kitu kama uji ulioganda. Walikuwa wa rangi ya zambarau, wakienea sahani nzima kama wino uliomwagika. Mtaalamu akidondosha maji ya majani ya kichaka fulani katikati, kesho yake pale penye tone panakuwa peupe, duara safi, na zambarau imebaki pembeni tu. Siku duara la kwanza lilipotokea alitoka mbio hadi ukumbini, kisahani juu, akawaita wenzake: "Njooni muone! Jani limewaweza! Limewaweza kabisa!"

Hakuna aliyemgeukia yule mama mwenye ndoo akamweleza limewaweza namna gani. Na yeye hakuona haja ya kuuliza. Mtu anayeishi kwa kuosha anajua: doa likipauka, shati limetakata. Rangi ikitoka, uchafu umetoka. Aliona duara jeupe, akajua wadudu wamekufa. Basi matawi yaliyobaki, ambayo kazi yake ilikuwa kuyapeleka kwenye tanuri la taka, akaanza kuyakunja na kuyaficha chini ya aproni yake.


Kidonda kilifunga. Kilijitandika ngozi mpya, nyembamba, ya waridi, na mama mtu akawaonyesha jirani zake kwa fahari, na waliomwomba majani akawagawia. Lakini Kidosho hakurudi kukimbia.

"Mbona unaruka kama kunguru?" Bibi alimuuliza, alipomwona anavuka uani kwa mguu mmoja.

"Nacheza."

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu."

Bibi alianza kumvizia. Akamwona anakwenda chooni amekamata ukuta. Akamwona ameketi kwenye kizingiti, wenzake wanamwita, naye anatikisa kichwa. Jioni uso wake ulikuwa wa moto, asubuhi ulikuwa umepoa, jioni tena moto.

"Homa za watoto hizo," alisema baba mtu. "Mimi udogoni nilikuwa na homa kila wiki, na nimekua hivi."

"Hivi vipi?" Bibi akamkata. "Nilikuzaa mimi. Wewe homa ilikutoka kwa dawa, si kwa kukua."

Mama mtu alikiosha kisigino tena, kwa majani mengi zaidi, maji mazito zaidi. Kisigino kilikuwa kizuri. Hakikuwa na usaha, hakikuwa na harufu, hakikuwa hata na wekundu. Mkono wake ukapanda juu kidogo, kwenye kifundo cha mguu, kisha kwenye muundi. Hapo Kidosho akauvuta mguu kwa nguvu, akauma midomo asilie.

"Panauma?"

"Hapana."

"Mbona umevuta?"

"Mkono wako wa baridi."

Mkono wa mama ulikuwa umetoka kwenye maji ya moto. Alikaa pale kwenye kigoda, kitambaa kinadondosha matone kwenye sakafu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nikuambie neno, mkwe wangu? Kidonda kimepona, mtoto haponi. Mimi hicho sijawahi kukiona."

"Nitauliza kazini, mama."

"Ukaulize kazini au ukamwonyeshe daktari?"

"Nitauliza kwanza."

Aliishusha chupa kutoka juu ya kabati na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ilikuwa imejitenga, unga chini, maji juu. Alikumbuka nesi alisema ikishachanganywa na maji haikai muda mrefu. Akaitikisa. Akaikaza kifuniko. Akairudisha nyuma ya redio, kama mtu anayerudisha kitu alichokiiba.


Mtaalamu alikuwa kwenye kiti chake kirefu, anakula mkate kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Alikuwa kijana, na hakuwa na ubaya. Alimwamkia kila asubuhi kabla hajaamkiwa, jambo ambalo wakubwa zake hawakulifanya.

"Mtaalamu, samahani. Sikukatishi?"

"Wewe tena, dada! Sema tu."

"Wale wa zambarau. Pale palipotakata, wamekufa, sivyo?"

"Nani kafa?"

"Wadudu."

Mtaalamu akaweka mkate chini, uso umemng'aa. Hakuna aliyekuwa akimuuliza habari za kazi yake, hata mkewe.

"Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo, dada yangu! Hakuna aliyekufa. Hata mmoja. Njoo uone."

Akamfungulia kisahani. Lile duara jeupe lilikuwa palepale. Akaligusa kwa waya mwembamba, na waya ukavuta utelezi, kama makamasi.

"Unaona? Wamejaa tele. Hawana rangi tu. Bakteria hawa wanasikilizana. Mmoja akiwa peke yake hana ujasiri, anakula na kuzaana kimyakimya. Wakishakuwa wengi wanapeana habari, tuseme kwa harufu, kwamba sasa tunatosha. Ndipo wote kwa pamoja wanatoa rangi, wanatoa sumu, wanavamia. Jani haliwaui. Linawaziba masikio. Kila mmoja anadhani yuko peke yake, basi anatulia."

"Kwa hiyo wapo."

"Wapo, wazima, na afya yao njema." Akacheka, akavuta kisahani kingine. "Jana nilichota pale peupe nikawapanda hapa, pasipo na jani. Tazama walivyoamka."

Kisahani kilikuwa cha zambarau ukingo hadi ukingo. Rangi nzito, ya kung'aa. Mama mtu aliitazama mpaka macho yakamwuma.

"Na kwa mtu? Jani likiwekwa kwenye kidonda?"

"Kwa mtu bado sana. Hata hawa wa zambarau si wa vidonda. Tunawatumia kwa sababu rangi yao inatuonyesha jambo. Lakini siku tukifika huko, jani halitakwenda peke yake, litakwenda pamoja na dawa. Jani linawanyang'anya silaha, dawa inawaua, na mwili wenyewe unamalizia. Sasa ukiwanyang'anya silaha halafu ukawaacha ndani ya nyumba..." Hapo akamwona uso. "Dada, kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Naulizia tu, mtaalamu. Nimependa rangi."

Alitoka pale kwa hatua za kawaida mpaka alipofika kona ya ukumbi. Kutoka hapo alikimbia. Alivuka geti la kazini amevaa glovu za kuoshea, mlinzi anamwita, naye hasikii. Alichokiona mbele yake kilikuwa kisigino cha Kidosho, kizuri, kisafi, chenye ngozi ya waridi, na ndani yake wadudu wameketi kimya, wanakula na kuzaana, wanangoja kusikiana. Na yeye ndiye aliyekuwa akiwafungia mlango kila asubuhi, kwa kitambaa safi.


Alimkuta Bibi katikati ya uani, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ulikuwa wapi? Nimetuma watu wakutafute! Ingia ndani ukamwone mwanao!"

Kidosho alikuwa amelala chali, midomo imekauka, macho nusu wazi. Mguu ulikuwa umevimba kutoka kifundo hadi karibu na goti, ngozi imenyooka na kung'aa. Shuka ilipomgusa tu alipiga ukelele ambao mama yake hakuwahi kuusikia, ukelele wa mtu mzima. Baba mtu aliitupa nyundo palepale alipokuwa, akamnyanyua na mkeka wake. Mikono yake ilikuwa na vumbi la bati, shati limechanika begani. Hivyo hivyo ndivyo walivyoingia hospitali, na mlinzi wa mapokezi akawaelekeza mlango wa kupokelea mizigo kabla hajaona kwamba ndani ya mkeka kuna mtoto.

Daktari wa wodi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimpiga mtoto picha ya mguu, akaiinua kwenye mwanga, huku Bibi akisema "Ee Mungu, ee Mungu" chinichini.

"Wadudu wameingia kwenye mfupa," alisema daktari. "Lazima tufungue, tusafishe, leo hii. Kidonda kilianza lini?"

Baba akaeleza bati, zahanati, chupa.

"Na ile dawa aliimaliza?"

"Aliimaliza," alisema baba mtu, na hata katika hofu ile kifua kikamtoka kidogo. "Mke wangu yuko makini sana, daktari. Anafanya kazi maabara. Kwa mambo ya dawa hapo umefika."

Daktari akavaa miwani, akamgeukia mama.

"Yote, mama? Mpaka tone la mwisho?"

Mume alikuwa anamtazama. Bibi alikuwa anamtazama. Nesi alikuwa ameshika kalamu. Mama mtu alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa neno dogo tu.

"Yote."

Bibi aligeuza uso ukutani. Yeye aliijua ile chupa. Alikuwa akiifuta vumbi.

"Basi dawa imeshindwa," alisema daktari, akaanza kuandika. "Wadudu hawa wameizoea. Tutachukua usaha tukaupime, lakini majibu hayatoki leo wala kesho, na huyu hawezi kusubiri. Nitamwanzishia sindano nyingine. Nawaambia ukweli, ni kali. Inaweza kugusa figo, na inaweza kugusa masikio. Mtoto simpi nikiwa na njia nyingine. Lakini kama ile ya kwanza aliimaliza na bado wamepanda mpaka mfupani, njia nyingine sina."

"Masikio namna gani?" aliuliza baba.

"Anaweza kupungukiwa na usikivu. Pengine asisikie kabisa. Siyo wote. Tutakuwa tunampima."

"Fanyeni tu, daktari," alisema baba. "Awe hai."

Hofu ya mama mtu haikuwa moja. Alimwogopa mumewe, aliyemsifu mbele ya watu. Aliogopa kazi yake, maana kutoa kitu chochote maabara ni kufukuzwa, na majani yale alikuwa akiyatoa kila wiki. Aliwaogopa wale wanawake wa vitanda vya pembeni waliokuwa wameacha kuzungumza ili wasikie vizuri. Akajiambia: labda masikio hayatamharibika. Daktari amesema siyo wote. Labda sindano kali ndiyo nzuri zaidi, itawamaliza upesi, na hakuna atakayejua. Tazameni jinsi hofu inavyomfundisha mtu kufikiri.


Nesi alikuja na trei. Juu yake palikuwa na pamba, chupa ndogo yenye kifuniko cha chuma, na sindano. Akaanza kuivuta dawa.

"Mama," aliita Kidosho. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Itauma?"

"Kidogo."

"Niimbie basi, nisiisikie."

Mama akainama sikioni mwake, sikio lile dogo lililochomoza kama la baba yake, akajaribu kuimba. Wimbo haukutoka. Akainuka akaushika mkono wa nesi, kwa nguvu, kama anayemkamata mwizi.

"Usimchome."

"Mama, niachie, nitamwaga dawa."

"Usimchome! Niitie daktari. Hakumaliza dawa. Hakumaliza hata nusu."

Baba mtu, aliyekuwa ameegemea dirisha, alijiondoa pale taratibu.

"Unasema nini, Mama Kidosho?"

"Alikuwa anatapika. Nikaacha. Chupa iko nyuma ya redio."

Daktari alifika akiwa bado anafunga aproni ya upasuaji. Mama mtu alisema yote akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa: dawa ilivyotapikwa, majani yalivyochemshwa, yalikotoka, duara jeupe, kidonda kilivyotakata na harufu ilivyokwisha. Hakubakiza hata lile la aproni. Kila alichokitaja, mwanamke wa kitanda cha pili aliguna.

"Majani!" mwanamke yule akamnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono wa kusikiwa. "Mtoto kamfanya mbuzi."

Bibi akamgeukia. "Na wewe wako alilishwa nini mpaka mkafika hapa? Au mmekuja kutembea?"

"Nyamazeni nyote," alisema daktari. Akamtazama mama mtu juu ya miwani. "Alimeza siku chache tu, basi."

"Chache, na nyingine akatapika."

"Kwa hiyo dawa haikushindwa. Haikupata nafasi." Akachukua faili, akapiga mstari juu ya alichoandika, mstari mmoja mrefu. "Nesi, rudisha hiyo. Tunaanza na ile ya kawaida, ya mshipa, mpaka majibu ya usaha yatoke. Mama, nisikilize. Mimi sina ugomvi na majani, dawa nyingi zimetoka humo. Ila ungenyamaza, ningemchoma huyu mtoto kitu cha kumharibu masikio, bure. Unanielewa? Bure."

"Naelewa, daktari."

"Hapana, hujaelewa bado. Utaelewa baadaye. Sasa mshike, tunakwenda."

Walipompitisha Kidosho mlangoni juu ya kitanda cha magurudumu, baba mtu alitembea upande mmoja na mama upande mwingine. Hawakutazamana. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa ndipo alipomsemesha, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, na hiyo ilitisha kuliko makelele.

"Nimesimama pale nikakusifu. Na ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Ukaniacha niseme."

"Niliogopa."

"Mimi ndiye wa kuogopwa? Ningekufanya nini? Ningekula?"

Mumewe hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Alikwenda akakaa mwisho wa benchi, mkewe akakaa mwisho mwingine, na Bibi akajipenyeza katikati yao. Alikuwa na mwili mkubwa, akaijaza nafasi yote.

"Hata mimi niliiona chupa," alisema Bibi, akitazama mbele. "Kila siku naipangusa, naiona haipungui. Nikafurahi, maana sikutaka kutapikiwa tena. Kwa hiyo ukigomba, gomba na wawili."

Walingoja hapo. Kila mlango ulipolia walisimama wote watatu, na kila mara alikuwa mfagiaji, au nesi amefuata shuka, au mtu amepotea njia.


Mguu haukukatwa. Kipande cha mfupa kilichooza kilitolewa, na daktari alisema pengine utakua mfupi kidogo kuliko mwenzake, pengine utakua sawa, hilo litaonekana mtoto atakapoongezeka kimo. Majibu ya usaha yalitoka: dawa ya kawaida ilikuwa inawaweza wadudu wale, tangu mwanzo ilikuwa inawaweza. Baada ya dawa ya mshipa, walirudishwa nyumbani na dawa ya kumeza ya muda mrefu, mrefu kiasi kwamba Bibi aliuliza mara mbili kama hawakukosea kuandika.

Habari za majani zilifika maabara, na kazi ya mama mtu ikaisha. Mtaalamu alikwenda mwenyewe kumwombea kwa msimamizi, akasema kosa ni lake pia, yeye ndiye aliyepiga kelele ukumbini bila kueleza. Msimamizi akamwambia sheria ni sheria, aproni irudishwe ikiwa imefuliwa. Ikafuliwa, ikapigwa pasi, ikarudishwa. Siku hizi mama huyu anafulia watu nguo, na baba mtu kila jioni anapitisha sumaku kwenye mchanga wa uani, mstari kwa mstari, kama anayelima. Wanazungumza, lakini kwa mambo ya nyumba tu. Chumvi imekwisha. Mlango haujafungwa.

Jirani waliopewa majani aliwafuata mmoja mmoja mlangoni, akasimama nje, akawaambia wayamwage, wampeleke mgonjwa akaonwe. Baadhi walimshukuru. Mmoja alimwambia, "Jana yalikuwa dawa, leo sumu. Kesho utatuambia nini?" Mama mtu akaenda kubisha mlango mwingine.

Na kila asubuhi, na kila jioni, Kidosho huketishwa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele.

"Mama, hakiumi tena. Tazama. Kimepona."

"Naona."

"Hakinuki. Muulize Bibi."

"Sitaki kuuliza. Fungua mdomo."

Kidosho alifungua. Dawa iliingia, uso ukajikunja, tumbo likapanda, na dawa ikatoka yote ndani ya beseni, na chai ya asubuhi ikaifuata. Mama akamfuta kidevu, akamfuta machozi, akampa maji asukutue. Akamwacha apumzike kidogo, kama daktari alivyomwelekeza, kisha akakishika kijiko tena, akakijaza mpaka ukingoni bila kumwaga tone.

"Wewe mama mbaya," alisema Kidosho, analia. "Mbaya sana."

"Ndiyo," alisema mama. "Fungua."